Kinga ama Bahati: Mwili Unakumbuka Nini Baada ya Kupona

Mhadhara kwa wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa



Kichwa cha mazungumzo haya sikukitunga mimi. Nilipewa na mama mmoja wa mtaa wa Kibokoni, mtu wa makamo ya mama yangu, tuliyekutana naye asubuhi moja tukingoja mahamri, miezi kadhaa baada ya vizuizi kuondolewa. Alikuwa ameugua korona, akalala siku kumi na mbili, akapona nyumbani kwake bila ya hospitali. Akanishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiwe mtu wa maabara. Maradhi haya yamenipata na yamenipita. Sasa nna kinga ama nna bahati?"

Nilimjibu haraka, jibu la mtu mwenye njaa. Nikamwambia ana kinga. Nikapokea mahamri yangu nikaenda zangu, na kabla sijafika nyumbani nikajua kuwa nimempunja. Jioni hii namjibu upya, mbele yenu.

Turudi nyuma kidogo. Jumatano ya tarehe 6 Mei 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa hakuna kutoka wala kuingia Mji wa Kale, na Eastleigh kule Nairobi vivyo hivyo. Siku 15, alisema. Zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa tayari imefungwa tangu tarehe 8 Aprili, na ilikuja kufunguliwa Julai. Mei ile ilikuwa Ramadhani. Misikiti imefungwa, mabaraza matupu, Idi tuliisali majumbani. Vijana wetu walisimama upande huu wa kizuizi, jamaa zao upande wa pili, wakisalimiana kwa simu huku wanaonana kwa macho.

Na wengi wetu tulikataa kupimwa. Tusione haya kulisema. Mtu aliogopa kuchukuliwa karantini, aliogopa gharama, aliogopa zaidi macho ya majirani gari la wizara likisimama mlangoni pake. Kwa hivyo daftari la serikali liliandika waliojitokeza, na waliojitokeza walikuwa wachache. Mwisho wa Mei 2020 Kenya nzima ilikuwa imeandika wagonjwa takriban 2,000.

Lakini kulikuwa na daftari la pili, na hili hakuna aliyelikimbia kwa sababu hakuna aliyelijua. Watu walikuwa bado wanatoa damu ya kuwasaidia wagonjwa katika vituo vya kanda vya huduma ya damu, cha Mombasa kikiwa kimoja. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, hawa wa Kilifi, walichukua masalio ya damu hiyo, ya watu 3,098 waliotoa kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni, wakatafuta ndani yake alama ambazo korona huziacha mwilini. Walizikuta kwa watu 174. Baada ya kurekebisha hesabu ili ilingane na watu wa nchi na udhaifu wa kipimo, walipata asilimia 4.3 kwa Kenya nzima. Nairobi asilimia 7.3. Kisumu 5.5. Juu kabisa ya orodha, asilimia 8.0, ndio sisi.

Asilimia 8 inasikika ndogo. Basi piga hesabu. Sensa ya 2019 iliikuta Mombasa na watu 1,208,333. Chukua nusu yao tu, watu wazima wa umri wa kutoa damu, na asilimia 8 ya hao ni makumi ya maelfu, katika mji mmoja, wakati daftari la taifa zima halijafika mbali na elfu mbili. Wengi walikohoa siku tatu wakasema ni mafua ya msimu. Wengine hawakukohoa kabisa. Damu zao zilijua jambo ambalo wao wenyewe hawakulijua.

Hapa mtu wa shaka ataniuliza, na mimi nawapenda watu wa shaka: mlijuaje kuwa kipimo hakikuchanganya korona na mafua mengine? Walikijaribu kwanza kwa damu ya zamani. Kilifi kulikuwa na sampuli zaidi ya 900 za watu wazima zilizohifadhiwa kwenye barafu tangu 2018, kabla ya korona hii kuwako duniani. Takriban asilimia 99 zilinyamaza. Lile neno lililozagaa mitaani mwaka ule, kuwa sisi watu wa huku tumezaliwa na kinga yetu, halikuonekana katika damu ile, angalau si kwa alama zilizotafutwa. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni vijana, na korona iliwasamehe vijana kuliko wazee.

Alama hizo ndizo zinazoitwa kingamwili. Watu wa maabara huziita pia antibodi. Na hapa ndipo niliposikitika na jibu langu la foleni ya mahamri, kwa sababu kingamwili ni sehemu moja tu ya mambo, na ndiyo sehemu inayopungua.

Virusi vya korona vikiingia puani mara ya kwanza, mwili hauvijui. Askari wa mwanzo ni wale wasiochagua adui: homa, makamasi, seli zinazomeza kila kigeni. Wanapigana vizuri lakini hawaweki kumbukumbu ya maana. Wakati huo huo vipande vya kirusi huchukuliwa hadi kwenye tezi, hizi za shingoni na kwapani ambazo mtoto akiumwa mama yake huzipapasa. Ndani ya tezi mna seli ziitwazo seli B, mamilioni kwa mamilioni, kila moja imezaliwa na umbo lake la mkono, na nyingi zitakufa bila kukutana na kitu cha kushika. Ile ambayo mkono wake unakaribia kukishika kipande kile huitwa kazini. Inazaana. Na katika kuzaana inanakili umbo la mkono kwa makosa madogo madogo. Watoto wanaoshika vizuri zaidi wanabakishwa, wanaoshika vibaya wanakufa. Mmemwona fundi wa milango akichonga ua: anachonga, anarudi nyuma kutazama, anapunguza, anachonga tena. Tofauti ni kuwa fundi wetu hatupi kazi yake. Tezi huchonga maelfu na kutupa karibu yote.

Kazi hiyo haiishi mgonjwa anapopata nafuu. Watafiti wa La Jolla, California, waliwafuatilia watu 188 waliougua korona, wengine hadi miezi minane. Seli B za kumbukumbu, zile zinazobaki zikimkumbuka adui, zilikuwa nyingi zaidi mwezi wa sita kuliko mwezi wa kwanza. Mgonjwa amesharudi kazini, ameshasahau kitanda, na tezi zake bado ziko kwenye patasi.

Sasa baadhi ya seli hizo hugeuka viwanda. Seli moja ya namna hiyo hutema kingamwili, nakala za mkono wake ule, maelfu kwa sekunde. Haiwezi kudumu hivyo. Nyingi hufa baada ya siku au majuma. Ndiyo sababu kingamwili hupanda sana baada ya ugonjwa, kisha hushuka. Katikati ya 2020 vichwa vya habari vilitutia hofu kwa jambo hili: kinga ya korona ni ya miezi mitatu, wakasema. Walichora mstari ule unaoshuka wakaufikisha sifuri kwa rula.

Tufanye hesabu ya mtoto wa shule. Kingamwili zinazokaa katika damu hupungua nusu kila baada ya majuma matatu hivi. Mwaka mmoja una nusu kama 17 za namna hiyo. Anza na kingamwili laki moja, gawa kwa mbili mara 17, na hubaki na hata moja nzima. Lakini watu waliopimwa mwaka mmoja baada ya kuugua wengi bado walikuwa nazo, tena nyingi. Basi kuna mtu anaendelea kuzitengeneza, kimya kimya. Nani, na wapi?

Kwenye uboho wa mifupa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis walichukua uboho wa watu 19 waliokuwa wamepona korona kiasi cha miezi saba nyuma, wengi wao walikuwa wameugua kidogo tu. Katika 15 walikuta viwanda vidogo vya kingamwili vimetulia ndani ya mfupa. Hivi si vile vya haraka. Hivi ni vya muda mrefu, vinatoa kidogo kila siku kama mfereji wa kisima cha zamani. Mstari unashuka kwa kasi, kisha unalala karibu na chini na kwenda mbali. Kazi ile ilichapishwa 2021, na kwangu mimi ndiyo habari iliyonituliza zaidi mwaka ule, ingawa sikuiona kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti lolote.

Mfereji huo huweza kwenda mbali kiasi gani? Kuna visiwa vya Faroe, baridi tupu, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Mwaka 1781 viliingiwa na surua, au shurua kama tusemavyo hapa, na shurua nayo ni virusi vinavyoingia kwa njia ya pumzi. Kisha shurua ikapotea visiwani miaka 65. Ikarudi 1846 na kuwaangusha watu kama 6,000 kati ya wasiotimia 8,000. Serikali ya Denmark ikampeleka daktari kijana wa miaka 25, Peter Panum, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza na kuandika. Akakuta kuwa wazee walioipata utotoni, 1781, hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Wazee wa umri ule ule ambao iliwapita bila kuwagusa, hao shurua iliwakamata. Uzee haukuwa dawa. Kumbukumbu ndiyo iliyowakinga, na ilikuwa imedumu miaka 65 bila ya kukumbushwa.

Hesabu kama ile ya Panum isingewezekana hapa Mvita, Mombasa yetu hii. Kisiwa chetu hakijawahi kuachwa peke yake miaka 65. Kila kusi na kila kaskazi lilituletea watu, na watu wakatuletea walichokuwa nacho vifuani. Walioisoma mirathi ya vinasaba vya korona ya Pwani wamekuta vivyo hivyo: virusi viliingia mara nyingi, kwa njia nyingi, na Mombasa ndiyo iliyokuwa mlango mkubwa.

Na mlango huo ulishafunguliwa Septemba 1918. Mafua makali, yale yaliyopewa jina la Hispania, yalishuka hapa kwa meli, yakapanda reli kwenda bara. Watafiti waliopekua majalada ya kikoloni ya Pwani wamekadiria vifo 25.3 kwa kila watu 1,000. Vifo vya mwaka ule vilikuwa mara sita ya kawaida. Hakuna mnara. Ukiuliza mabarazani, majina ya vita vya wakati ule, Vita vya Kwanza vya Dunia, yanajulikana. Kuna mtaa mzima Nairobi, Kariokor, na mwingine Dar es Salaam, Kariakoo, yenye jina la wapagazi wa vita hivyo. Mafua yaliyoua wengi namna ile hayana mtaa.

Waliopona, je, damu zao zilikumbuka? Hapa hakuna aliyewapima wakati wangaliko. Marekani walipimwa. Mwaka 2008 ilichapishwa habari ya wazee 32 waliozaliwa 1915 au kabla yake, wenye umri wa miaka 91 hadi 101. Wote 32 walikuwa na kingamwili za kukitambua kirusi cha 1918. Katika wanane waliochunguzwa zaidi, saba walikutwa na seli hai zinazoweza kuzitoa upya. Miaka 90. Nikisoma habari ile humfikiria mtoto wa Kibokoni wa mwaka 1918, aliyelala na homa juu ya mkeka, akaamka, akaishi hadi akawa ajuza tuliyemwamkia shikamoo bila kujua amebeba nini.

Haya, mtu ataniambia: ikiwa mwili unakumbuka miaka 90, mbona mafua hunipata kila mwaka?

Swali zuri, na jibu lake lilikuwa Kilifi hata kabla ya korona hii. Kabla ya 2019 zilikuwako korona nne za kawaida, ndugu wa mbali, zinazoleta makamasi na kikohozi tu. Kati ya 2009 na 2010 watafiti walikwenda katika kaya za mashambani Kilifi, wakachukua sampuli za pua za nyumba nzima, mara mbili kwa juma, kwa muda wa miezi sita hivi. Walikuta watu walioambukizwa korona ile ile, kisha wakaambukizwa tena ndani ya miezi hiyo hiyo. Kule Amsterdam wanaume 10 waliofuatiliwa kwa miongo mitatu na zaidi walionyesha jambo lilelile: kuambukizwa tena kulionekana mara nyingi baada ya mwaka mmoja. Basi kumbukumbu iko wapi?

Nadhani hapa ndipo wengi tulipotea, na mimi miongoni mwao. Tulikuwa tunalitumia neno moja, kinga, kwa mambo mawili. Kuna kutoambukizwa. Kuna kutozidiwa. Mwili huyapata kwa njia mbalimbali na huyapoteza kwa mwendo tofauti.

Sababu moja ni saa. Seli za kumbukumbu zikimwona adui wa zamani, huchukua siku tatu hadi tano kuamka na kufurika. Shurua ni mvivu: kutoka kuingia mwilini hadi vipele kutoka ni kama majuma mawili, kwa hivyo kumbukumbu humkuta bado anapanga mizigo. Korona na mafua ni wepesi. Baada ya siku chache tu pua tayari inachirizika. Ili kuwazuia mlangoni unahitaji kingamwili zilizokwisha kusimama kwenye utando wa pua, na hizo za puani ndizo zinazopotea mapema. Kumbukumbu ikiamka siku ya nne, pua imeshapotea lakini mapafu bado. Unaumwa. Humalizwi.

Sababu ya pili ni kuwa kirusi hubadilisha uso. Kirusi cha shurua ni kile kile cha babu zetu. Cha korona kilitujia kwa nyuso mpya kila baada ya miezi. Kumbukeni: katika damu zilizotolewa Januari hadi Machi 2021, wakati chanjo za kwanza ndio kwanza zinashushwa Nairobi, karibu nusu ya Wakenya, asilimia 48.5, walikuwa na alama za korona. Waliodhani nusu inatosha kuuzima moto walikosea. Mawimbi yalikuja baada ya hapo. Nusu ya nchi ilikuwa na kumbukumbu ya uso wa kwanza, na aliyebisha hodi alikuja na uso mwingine.

Hesabu nzuri ya jambo hili ilifanywa Qatar, ambako jamaa zetu wengi wanafanya kazi. Pengine wako waliomo ndani ya hesabu hiyo bila kujua. Waliokwisha kuugua korona walilindwa wasiambukizwe na aina ya Delta kwa kiasi cha asilimia 92. Ilipokuja Omikroni, mwisho wa 2021, ulinzi huo ulianguka hadi asilimia 56. Huo ni mlango. Lakini ulinzi wa kutougua vibaya, hata kwa Omikroni, ulikuwa kama asilimia 88. Huo ni uhai. Nasi hapa Desemba ile tuliona wagonjwa wakiongezeka kwa kasi ya ajabu, na makaburi hayakuongezeka kwa kasi hiyo.

Anayefanya kazi ya kuulinda uhai ni nani? Si kingamwili peke yake. Kuna seli T, ambazo sikuzitaja hadi sasa kwa sababu hazionekani kwenye kipimo cha kawaida cha damu. Hizi hazizuii kirusi kuingia. Huitafuta seli yetu wenyewe iliyokwisha kuingiwa na kuiua kabla haijawa kiwanda cha adui. Tena hazishiki uso peke yake. Hushika vipande vya ndani, ambavyo kirusi hakiwezi kuvibadilisha ovyo bila kujivuruga. Singapore waliwapima watu waliougua ile korona ya kwanza ya 2003, iitwayo SARS, wakakuta seli T zao bado zinaikumbuka baada ya miaka 17. Ndiyo sababu mtu akinijia na karatasi ya maabara iliyoandikwa "hakuna kingamwili" huwa simwambii kuwa hana kinga. Namwambia kipimo kimetazama chumba kimoja cha nyumba.

Na hapo linarudi swali juu ya ule utafiti wa damu. Ikiwa kingamwili hushuka, hasa kwa waliougua kidogo, basi wako walioambukizwa Aprili ambao kufikia Juni kipimo hakikuwaona. Hata daftari la damu lilikuwa na kurasa zinazofifia. Asilimia 8 yetu pengine ilikuwa zaidi.

Sasa nirudi kwa mama wa Kibokoni. Nilimtafuta baadaye, nikamkuta barazani kwake. Nikamwambia: mama, una vyote viwili. Bahati, kwa sababu mara ya kwanza ulikutana na adui huku huna kumbukumbu yoyote, umri wako ule, na sukari unayo. Wenzako waliofanya dau hilo wengine hawakuamka. Kinga, ndio, iko. Lakini si ya kukufanya usikohoe mwakani. Utakohoa. Ni ya kuyalinda mapafu, na chanjo huikumbusha bila ya kukulaza siku kumi na mbili. Alinitazama. Akataka kujua kuhusu tangawizi na kujifukiza. Nikasema tangawizi inafungua kifua na mimi naipenda, lakini mvuke haufiki kwenye tezi kufundisha kitu. Na moto wa sufuria umewaunguza watu.

Kisha nikamweleza habari ya uboho, kwa kirefu, maana nilikuwa na deni. Viwanda vilivyojificha ndani ya mifupa, vinavyofanya kazi usiku na mchana, miaka. Alisikiliza hadi mwisho, amekunja buibui magotini.

"Uboho huu huu," akauliza, "tunaofyonza kwenye supu ya mifupa?"

Nikamwambia huo huo, ila wa ng'ombe una kumbukumbu za ng'ombe.

"Basi leo umenifaa," akasema, "maana daktari wangu ndiye anayenikataza." Na akamwita mjukuu wake alete bakuli mbili.